Moshi wa Jirani: Mwendee Kabla Hujamsema



Somo letu la leo linawahusu hasa wale waliopanga. Umelipa kodi ya miezi sita, umejibana kweli kweli, halafu kila jioni moshi wa sigara wa jirani unaingia chumbani kwako. Ukifunga dirisha, joto. Ukifungua, moshi. Hapo Mkristo afanye nini? Avumilie tu? Au apige kelele mpaka mtaa mzima ujue?

1. Usijione unadeka

Wengine watakuambia, "Acha mambo yako, moshi tu huo!" Si kweli. Mwaka 2006 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti ndefu kuhusu moshi wa sigara za wengine. Ilisema hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama. Kwa mtu mzima asiyevuta anayeishi nao, hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka kwa asilimia 25 hadi 30, na ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Watoto ndio huumia zaidi: pumu inazidi, masikio yanauma, kifua hakiponi.

Kwa hiyo ukiwa na mdogo wako mwenye pumu humo ndani, kunyamaza si upole. Ni kumwacha mtoto alipe gharama ya aibu yako.

2. Ujue moshi unapopita

Nyumba nyingi za kupanga zina vyumba vya mstari mmoja na dari moja. Ukuta unaishia chini ya dari, kwa hiyo huko juu hewa ni ya wote. Kwenye ghorofa, moshi unapita madirishani, kwenye ngazi, chini ya mlango na kwenye matundu ya mabomba chini ya sinki.

Ziba matundu hayo. Weka kitambaa chini ya mlango. Kama una dirisha upande usio na moshi, fungua hilo. Angalizo kuhusu feni: ukiielekeza itoe hewa nje, inaweza kuvuta moshi zaidi kutoka kwa jirani kupitia nyufa. Na zile dawa za kunukisha chumba zinaficha harufu tu, sumu inabaki palepale. Yote haya yanapunguza, hayamalizi. Dawa yenyewe iko kwa anayevuta, na huko hufiki bila kuongea naye.

3. Anza na wewe na yeye, peke yenu

Katika Mathayo 18:15-17 Yesu anatupa utaratibu. Kwanza nenda kwa ndugu yako, ninyi wawili tu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Akikataa bado, ndipo jambo lipelekwe mbele ya wengi. Sisi tunaupindua! Tunaanza na wengi: bombani, kwenye grupu la WhatsApp la wapangaji, hata kwenye jumuiya tunaomba "tumwombee jirani yetu fulani" kumbe tunamsema. Yeye mwenyewe anakuwa wa mwisho kujua.

Kabla hujaenda, jikague. Jiko lako la mkaa unaliwashia wapi? Kama ni kwenye korido, na wewe unamvutisha moshi. Lihamishe kwanza. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliamua kwamba kuanzia 2018 Vatikano isiuze tena sigara, ingawa biashara hiyo ilikuwa ikiingiza fedha. Alianzia nyumbani kwake.

Nenda wakati ametulia, si wakati sigara iko mkononi na wewe umepandisha hasira. Kama amekuzidi umri, shikamoo kwanza. Halafu sema kwa ufupi: "Kaka, samahani, nina ombi. Ukivuta hapo dirishani moshi unaingia kwetu, na mdogo wangu ana pumu, usiku anabanwa. Naomba uwe unavutia kule uani." Basi. Usimwambie aache sigara, maana hukutumwa kwa hilo, na nikotini inamshika mtu kwelikweli. Katekisimu, namba 2290, inataja matumizi mabaya ya tumbaku pamoja na ya chakula na pombe inapofundisha fadhila ya kiasi. Sasa wewe unayeshindwa kuacha soda utamhukumu nani?

4. Asiposikia

Mpe wiki mbili. Andika siku na saa moshi unapoingia. Kisha rudi na mtu mmoja mwenye busara anayeheshimiwa hapo nyumbani. Usiende na jeshi. Ikishindikana, mwone mwenye nyumba ukiwa na maandishi yako, na uombe kitu kinachowezekana: fundi azibe dari, mbadilishane vyumba, au mkataba ujao useme wazi ni wapi watu wavutie. Baada ya hapo kuna mjumbe na serikali ya mtaa.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inazuia uvutaji katika maeneo mengi ya umma. Lakini chumba cha mtu si hospitali wala shule, kwa hiyo usianze kwa kumtishia polisi.

Na kama yote yamegonga mwamba na mtoto anazidi kuugua, hama. Kuhama si kukosa imani. Ila uhame ukiwa bado unamsalimia jirani yako. Na huko uendako, uliza habari za moshi kabla hujalipa.

Maswali ya kutafakari

- Ni jirani gani nimemsema kwa watu wengine bila kumwambia mwenyewe?
- Mimi nawasumbua majirani kwa nini: moshi, muziki au maji machafu?
- Ninanyamaza kwa sababu ya upendo au kwa sababu ya woga?

Zoezi la wiki: Chagua jambo moja linalokukera hapo unapoishi. Mwendee mhusika peke yake, na ombi moja tu.

Tusali: Ee Bwana, nipe ujasiri wa kubisha hodi na ulimi wa upole. Mlinde jirani yangu, uwalinde na wote wanaolala chini ya paa letu. Amina.