Funguo si umiliki: dhana 6 potofu za kununua na kuuza nyumba

Leo tuweke mzigo pembeni kidogo. Somo hili ni la pale biashara inapokaa vizuri, hela imeanza kutulia, ukawaza kununua nyumba. Au la pale unapotaka kuuza uliyonayo ili uongeze mtaji.

Kuna kanuni ambayo kila muuzaji wa mtandaoni anaijua. Mteja akikutumia skrinshoti ya muamala, huachii mzigo, unaangalia salio lako kwanza. Nyumba nayo ni hivyo hivyo. Karatasi anayokuonyesha muuzaji ni skrinshoti. Salio liko kwenye daftari la Msajili wa Hati.

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake. Mimi na wewe tunapewa haki ya kuitumia kwa muda, mfano miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo ukinunua nyumba unanunua haki iliyoandikwa mahali, si kuta na geti tu. Shika hilo, halafu twende kwenye dhana moja moja.

DHANA YA 1: "Nimelipa kilemba, fleti ni yangu."
Hii ni ya kwetu kabisa, Posta na Kariakoo. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi yalikuwa hapa katikati ya mji na Upanga. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Ndiyo maana hadi leo ghorofa nyingi za zamani mjini mwenye nyumba ni NHC, na anayekaa ndani ni mpangaji. Akikwambia "nipe kilemba nikuachie", anakuuzia nafasi ya kukaa, na hata hiyo hawezi kukupa bila ruhusa ya shirika. Wenye fremu mnaelewa, kilemba cha fremu hakikupi jengo.
Kununua fleti kweli inawezekana. Kuna sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo. Ila hapo utapata hati ya sehemu hiyo yenye jina lako, siyo funguo na ahadi.

DHANA YA 2: "Mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri, iko salama."
Nenda serikali ya mtaa, tena usikose. Wanajua nani anakaa wapi na nani ana ugomvi wa mpaka. Ni mashahidi wazuri, lakini mwenyekiti hana mamlaka ya kuhamisha umiliki. Na ile asilimia 10 ya bei ambayo baadhi ya watu wanadaiwa haimo kwenye Sheria ya Ardhi.
Hatua yenyewe inaitwa upekuzi. Omba nakala ya hati, peleka maombi kwa Msajili wa Hati, lipa ada kwa namba ya malipo ya serikali. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, kama nyumba ina rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Eneo likiwa halijapimwa, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri. Uliza kama kuna leseni ya makazi na ina jina la nani, halafu uliza eneo limepangwa kwa matumizi gani. Usije ukanunua hifadhi ya barabara.

DHANA YA 3: "Kikao cha ukoo kimekubali."
Kariakoo nyumba nyingi za zamani ni za urithi, na wanaotaka kujenga maghorofa wanazitafuta usiku na mchana. Muhtasari wa kikao cha ukoo unapendekeza jina tu. Mahakama ndiyo inayomteua msimamizi wa mirathi. Mtu asiye na barua ya mahakama hana cha kukuuzia, hata awe mtoto wa kwanza. Hata mwenye barua, mimi ningetafuta warithi wengine niongee nao kabla ya kutoa hela. Mmoja akiibuka baadaye na kesi, wewe ndiye utakayekuwa unalala mahakamani.

DHANA YA 4: "Hati ina jina lake peke yake, mke hahusiki."
Anahusika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni moja. Taka ridhaa ya maandishi, isainiwe mbele ya wakili. Muuzaji akisema "mama yuko kijijini, hana shida", mwambie tumsubiri arudi.

DHANA YA 5: "Tuandike bei ndogo mkatabani, tukwepe kodi."
Kwanza, nyumba itathaminiwa, kwa hiyo huo ujanja unaonekana. Pili, mkataba ukivunjika, mahakamani utadai kilichoandikwa. Tatu, ukija kuuza wewe, gharama yako itasomeka ndogo na faida itasomeka kubwa.
Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, siyo ya bei yote. Asiye na nyaraka za gharama anatozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Piga hesabu: nyumba ya kupangisha ulinunua milioni 50, ukaikarabati kwa milioni 20, umeuza milioni 90. Faida ni milioni 20, kodi ni milioni 2. Bila risiti, asilimia 3 ya milioni 90 ni milioni 2.7. Risiti za saruji na mabati zimekuokolea laki 7. Na kama ni nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka 3 au zaidi, faida isiyozidi milioni 15 imesamehewa. Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo pita TRA kabla ya kusaini.

DHANA YA 6: "Nimelipa, nimepewa funguo na hati yake, nimemaliza."
Bado. Mkataba uwe wa maandishi, kwa sababu wa mdomo hausimami kwenye mambo ya ardhi. Halafu kuna fomu za uhamisho, uthamini, kodi ya muuzaji, ushuru wa stempu wa asilimia 1, kibali cha ofisi ya Kamishna wa Ardhi, kisha usajili. Jina lako likiingia kwenye daftari, hapo umenunua.
Ushauri wangu: lipa kwa awamu. Sehemu baada ya upekuzi na kusaini, na kiasi cha maana kibaki mpaka nyaraka za uhamisho zikamilike. Wakati unasubiri, wakili anaweza kukuwekea zuio kwa Msajili ili nyumba isiuzwe mara mbili. Na wewe muuzaji usikimbie na hela. Jina lisipohama, kodi ya pango la ardhi itaendelea kukuhesabia wewe.

La mwisho. Utasikia "kuna mteja mwingine anakuja jioni na cash, amua sasa hivi." Haraka hiyo tunaijua, ni ile ile ya "nimeshatuma hela, mpe boda mzigo aondoke." Wewe ungejibu nini? Mjibu hivyo hivyo. Nyumba ikichukuliwa na mwingine, hela yako bado unayo na nyumba nyingine zipo. Hela ikienda kwa mtu asiye mwenye mali, kuirudisha ni kesi, na mtaji wa oda moja moja za miaka yote hiyo unasubiri hukumu.

Hifadhi somo hili, na mtumie mwenzako anayezungushwa na dalali wiki hii.