SOMO LA TAWI: SHAMBA LA MAREHEMU LIKO NG'AMBO YA MPAKA



Katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na katika viwanda vya Jinja, wapo wenzetu ambao baba au babu zao walivuka kutoka Kenya kuja kutafuta kazi Uganda. Baadhi yao walirudishwa kwa nguvu Oktoba 1970, serikali ya Obote ilipowafukuza maelfu ya wafanyakazi wa Kenya. Wengine walibaki, wakaoa hapa, wakazaa hapa, wakazikwa hapa. Lakini shamba la ukoo lilibaki Busia, Siaya, Bungoma au Vihiga. Siku mzee anapofariki, simu inapigwa: njoo upesi, ardhi inagawanywa. Ndipo mwenzetu anakuja ofisi ya tawi na kuuliza: mimi nina kitambulisho cha Uganda, nitaingiaje kule, nitakaa muda gani, na je, watanipa fungu langu?

Hayo ni maswali matatu, wala si moja, na wengi wanayachanganya. Ruhusa ya kuvuka mpaka ni jambo moja. Ruhusa ya kukaa na kufanya kazi ni jambo la pili. Haki ya kushika ardhi ni jambo la tatu. Afisa wa uhamiaji akikupigia mhuri hajakupa shamba, na mahakama ikikupa shamba haijakupa ruhusa ya kukaa.

Kuvuka ndiyo kazi nyepesi. Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa mkataba huo raia wa nchi mwanachama huingia nchi nyingine bila viza, na hupewa pasi ya mgeni, bila malipo, ya kukaa hadi miezi sita. Tangu 2014 Uganda, Kenya na Rwanda zinakubaliana pia kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo mtu anayekuambia pale Busia au Malaba kwamba atakutafutia viza ya Kenya kwa pesa anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ila pita mlangoni. Tunajua njia za panya ni fupi na wengi wetu tumezizoea tangu utoto. Katika jambo la mirathi usizitumie. Ukigombana na ndugu juu ya mpaka wa shamba, na huna alama yoyote kwamba uliingia kihalali, yeye hahitaji wakili. Atanong'ona kwa askari, nawe utashitakiwa kwa kuingia nchini kinyume cha sheria, huku ng'ombe wake wanalisha katika fungu lako.

Pasi ya mgeni inakuwezesha kuhudhuria matanga, kukaa katika kikao cha ukoo, kufika mahakamani na kukagua shamba. Haikupi ruhusa ya kuajiriwa wala kufungua biashara. Anayetaka kuhamia kabisa na kuishi kwa kilimo anatakiwa kuwa na kibali. Sheria ya uraia na uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 ina madaraja ya vibali, na mawili yanagusa habari yetu: daraja B ni la mkulima mwenye ardhi na mtaji wa kutosha, na daraja K ni la mtu wa miaka 35 au zaidi mwenye kipato cha uhakika kila mwaka, kama pensheni au kodi ya nyumba, ambaye hatafuti kazi ya mshahara. Tuseme wazi: vibali hivi havikutungwa kwa ajili ya mkata miwa mwenye ekari mbili za baba yake.

Basi kabla hujaulizia kibali, jiulize kama wewe ni mgeni kweli. Hapa tunaomba wasomaji wasome polepole, maana ndipo watu wengi wanapopoteza haki bila kujua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa baba au mama yake ni raia wa Kenya, awe alizaliwa ndani ya Kenya au nje. Kwa waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo, inatosha kwamba mzazi ni raia au aliwahi kuwa raia. Na kifungu cha 16 kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Maana yake, mtoto wa Mkenya aliyezaliwa katika kambi ya miwa Uganda huenda akawa raia wa Kenya, hata kama hajawahi kushika kipande cha Kenya. Akithibitishwa hivyo, hahitaji pasi ya mgeni wala kibali, na katika ardhi anasimama sawa na kaka yake aliyebaki nyumbani. Vinavyohitajika ni ushahidi: kipande cha mzazi, cheti chake cha kifo, na cheti chako cha kuzaliwa chenye jina lake, tena lililoandikwa vile vile. Ndugu, msichome karatasi za wazee! Na kwa kuwa Uganda nayo inaruhusu uraia wa nchi mbili kwa utaratibu wake yenyewe, uliza ofisi ya uraia ya Uganda kabla ya kujaza fomu ya pili.

Asiyekuwa na uraia huo bado anaweza kurithi. Sheria ya Mirathi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, inapowagawia watoto mali ya aliyekufa bila wosia haiwatengi walioko nje, wala haiwatengi mabinti. Lakini mkataba wa Soko la Pamoja, kifungu cha 15, umeacha mambo ya ardhi kwa sheria za kila nchi, na Katiba ya Kenya, kifungu cha 65, inasema asiye raia atashika ardhi kwa kukodi tu, isizidi miaka 99. Kwa shamba la kilimo kuna mtego mwingine. Kupokea shamba zima kwa urithi hakuhitaji idhini ya bodi ya ardhi. Likikatwa vipande, kila kipande na hati yake, idhini inahitajika, na bodi hairuhusiwi kukubali kipande kiende kwa asiye raia, mpaka Rais atoe msamaha. Ndiyo maana mara nyingi ni afadhali mgeni akubaliane na nduguze wamlipe thamani ya fungu lake, na makubaliano hayo yaandikwe na kuwekwa mahakamani.

Sasa muda. Ombi la usimamizi wa mirathi hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kupinga. Hati ikitoka, kwa kawaida hupita miezi sita kabla haijathibitishwa na mali kugawanywa. Likizo yetu kwa sheria ya kazi ya Uganda ya 2006 ni siku 21 kwa mwaka. Hesabu hizo hazilingani, na mwenzetu anayekaa kule akingoja anarudi na kukuta nafasi yake ina mtu. Nenda mapema, mara moja, kwa likizo iliyoandikwa. Hakikisha jina lako limo katika barua ya chifu inayotaja warithi wote, kisha rudi kazini na uende tena siku mahakama inapokuita. Ukihitaji siku za ziada bila mshahara, mwakilishi wa chama aziombe kwa barua.

Utaletewa karatasi za kutia saini, na hapo fungua macho. Ya kwanza ni ya kukubali fulani awe msimamizi. Hiyo haikunyang'anyi fungu. Ya pili huja wakati wa kuthibitisha hati, nayo inataja nani anapata nini. Hiyo ukiitia saini bila kusomewa, umekwisha kukubali. Ukigundua kwamba hati ilitolewa kwa kuficha jina lako, mahakama inaweza kuifuta. Tena, anayeuza au kukata shamba la marehemu kabla ya hati anatenda kosa: faini hadi shilingi 10,000 za Kenya, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Wenye urithi Tanzania wangoje somo lijalo, maana sheria ya kule ni nyingine na kwa asiye raia ni nzito zaidi.

Maswali ya kujadili tawini: Nani kati yetu mzazi wake alikuwa na kipande cha Kenya, na kipande hicho kiko wapi leo? Mjane Mganda wa Mkenya aliyefia hapa aanzie ofisi gani? Na mwanachama akiitwa mahakamani ng'ambo mara tatu kwa mwaka, tuombe nini katika mkataba wetu wa kazi ujao?