Kabla ya Kutoboa Bawa: Data Zinazodaiwa Ndege Ikibadilishwa

Fundi wa Giakanja akiombwa kuongeza keria kwenye pikapu ya kabichi, hupima kwa jicho, akachomelea, na jioni gari liko barabarani. Ndege haiguswi hivyo. Hata kamera moja ya kuhesabia ndovu, ikifungwa chini ya bawa la ndege inayoruka Mweiga au Nanyuki, hutanguliwa na data za kihandisi zilizoidhinishwa. Msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA.

Ndege ilipata cheti cha muundo ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Ukiongeza kitu, ni juu yako kuthibitisha upya ulichogusa pamoja na kila kinachoathirika.

Chukua ndege ya kilo 1,000. Ukifunga kifaa cha kilo 20 mita 2 nyuma ya kitovu cha uzito, kitovu hicho husogea nyuma karibu sentimita 4. Ni kidogo kwa macho, lakini mpaka ulioruhusiwa wa kitovu ukivukwa, rubani anaweza kushindwa kuinamisha pua ndege inapopoteza mbebo. Ndiyo maana huombwa hesabu za uzito, michoro, uthibitisho kwamba bawa linastahimili mzigo, nyongeza ya kitabu cha rubani na maagizo ya ukaguzi. Mwinuko nao ni wa kuzingatia: Nanyuki, karibu mita 1,900 juu ya bahari, hewa nyepesi hupoza mitambo polepole. Jaribio la pwani pekee halitoshi.

Umeme hupuuzwa kirahisi, kwa sababu waya ni mwembamba na hauonekani. Tarehe 2 Septemba 1998, ndege ya Swissair, safari namba 111, ilianguka baharini karibu na Kanada na kuua watu wote 229. Wachunguzi walihitimisha kwamba yaelekea cheche za waya ziliwasha kifuniko cha insulesheni juu ya dari. Waya mmoja uliokutwa na alama za cheche ulikuwa wa mfumo wa burudani uliofungwa baada ya ndege kununuliwa. Mfumo huo ulikuwa na cheti! Ila ulivyounganishwa, swichi ya kukata umeme wa kabini haikuuzima. Hesabu ya mzigo wa umeme, basi, haiishii kwenye ampea. Ionyeshe pia jinsi rubani atakavyouzima umeme huo moshi ukitokea.

Wenye ndege wengi hununua data zilizoidhinishwa Marekani au Ulaya, yaani cheti cha nyongeza. Ni njia nzuri, lakini soma kwanza kinataja modeli zipi, upate barua ya ruhusa ya mwenye cheti, kisha kibali cha KCAA. Ndege ya miaka 40 huwa na redio, matangi na magurudumu yaliyokwisha kubadilishwa, na cheti hakikuyajua hayo. Mhandisi lazima ahakikishe kipya hakigongani na cha zamani.

Peleka maombi kabla ya drili kuguswa. Hifadhi karatasi zote pamoja na kumbukumbu za ndege, maana mnunuzi makini ataziulizia kabla ya bei.