Kustaafu Si Kulala: Mguu, Kitabu na Safari

ASUBUHI ya kwanza baada ya kustaafu ni tamu kama asali ya msitu wa Mau. Hakuna king'ora cha kiwanda, hakuna kengele ya shule, hakuna bosi. Unaivuta blanketi na kuiachia baridi ya Kericho iwasumbue wengine. Lakini asubuhi ya arobaini je? Ndipo mzee anapoanza kumfuata mkewe jikoni na kumfundisha kukata vitunguu, kazi ambayo mama huyo ameifanya miaka 35 bila mkaguzi.

Ikiwa wewe ni mmoja wa hao, au u karibu kujiunga nao, somo la wiki hii ni lako.

Tangu mwaka wa 2009 watumishi wa umma humu nchini kwa kawaida hustaafu wakiwa na miaka 60 badala ya 55. Nao wafanyakazi wengi wa mashamba makubwa ya majani chai, wakistaafu, huziacha pia nyumba za kampuni. Hivyo mtu hupoteza mambo matatu kwa mpigo: mshahara, ratiba na watu wa kuzungumza nao. Pensheni hujaribu kurudisha la kwanza. Hayo mawili mengine hayalipwi na ofisi yoyote, na ndiyo yanayogusa afya zaidi. Mwili usio na ratiba hukaa tu, na mtu akaaye peke yake hulemewa na mawazo, hata dawa zake za presha akazisahau.

Jitengenezee ratiba mpya yenye mambo matatu yafuatayo.

1. Mguu

Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima, wazee wakiwemo, wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Gawa kwa siku tano, upate nusu saa kwa siku. Vilima vya Kericho na Bomet ni uwanja usio na kiingilio. Tembea mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Aliyetimiza miaka 65 aongeze mazoezi ya kujisawazisha siku tatu kwa wiki, kama vile kusimama kwa mguu mmoja akishika kiti. Njia zetu huteleza mvua inyeshapo, na nyonga ya mzee ikivunjika si jambo dogo.

Tatizo la kutembea katika nchi ya chai ni chai yenyewe. Ukipita nyumba nne utapewa vikombe vinne. Tia vijiko vitatu katika kila kimoja, tayari una vijiko 12, na bado hujafika kwako. Hivyo ni karibu gramu 50 za sukari, kiasi ambacho shirika hilo linataka mtu mzima asikifikie kwa siku nzima. Nusu yake ni bora zaidi. Kumkatalia mwenyeji chai ni utovu wa adabu, lakini kopo la sukari likikufikia, lipitishe kwa jirani. Tena usinywe chai pamoja na chakula: huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika mboga. Ngoja kama saa moja.

2. Kitabu

Wastaafu wengi husoma ukurasa mmoja tu wa gazeti, ule wa matangazo ya vifo, kuhakikisha kwamba hawamo. Endelea mbele kidogo! Kuna maktaba ya umma mjini Kericho, na nyingine Silibwet katika Bomet. Kusoma huipa akili kazi, na ukiwasomea wajukuu kwa sauti, umepata na watu wa kuzungumza nao.

Huenda utasema macho yamekataa. Kuanzia miaka 40 hivi, karibu kila mtu huanza kuyasogeza maandishi mbali, hadi mkono unakuwa mfupi. Huo si ugonjwa, na miwani ya kusomea hutosha. Ila usinunue miwani kwa mchuuzi kabla macho hayajapimwa. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji, lakini glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huiba nuru polepole bila maumivu, na nuru iliyokwenda hairudi. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

3. Safari

Nenda ukawaone watoto. Ukiketi kwenye matatu kwa zaidi ya saa nne, damu inaweza kuganda miguuni, kwa hivyo chezesha vifundo vya miguu na ushuke kila gari linaposimama. Usiogope kunywa maji kwa sababu ya choo. Kadiri umri unavyosonga, kiu hupungua ingawa mwili bado unahitaji maji. Dawa zako ziwe kwenye mkoba wa mkononi, wala si juu ya gari.

Lakini hatari kubwa kwa mtu wa milimani ni mbu. Kericho iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kisumu, kilomita 80 hivi kutoka hapo, iko zaidi ya mita 800 chini yake. Watu wa nyanda za juu hawana kinga kubwa dhidi ya malaria, kama ilivyoonekana ugonjwa huo ulipolipuka katika mashamba ya chai ya Kericho miaka ya 1990. Ukilala Kisumu au Mombasa, lala ndani ya chandarua, hata kama mkwe anasema hakuna mbu. Dalili huweza kuanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa, wakati umesharudi nyumbani. Ukipata homa usiseme ni baridi ya Kericho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, taja ulikotoka, upimwe damu. Malaria kali huweza kuua kwa siku chache.

Jambo la mwisho ni kwa jamaa. Mzee akikosa usingizi, hamu ya chakula na furaha kwa wiki mbili mfululizo, msimwite mvivu. Huenda ana ugonjwa wa sonona, nao una tiba. Mfikisheni kwa daktari.

Maswali ya kujipima

1. Wiki iliyopita ulitembea dakika ngapi?
2. Jana ulitia vijiko vingapi vya sukari?
3. Macho yako yalipimwa lini?
4. Ni nani, mbali na wa nyumbani mwako, uliyezungumza naye leo?

Ukikosa jibu la swali la nne, vaa viatu. Vitunguu vitakatwa tu.