SOMO LA AKINA MAMA: Koti la Kuvaa Siku ya Mahojiano ya Kazi



Somo la mwezi huu limetokana na jambo lililotupata hapa Nakivale. Dada yetu mmoja wa kwaya, mwalimu aliyesomea kwetu Kongo, aliitwa kwenye mahojiano ya kazi. Siku ilipofika hakwenda. Tulipomwuliza sababu, alijibu: "Mama, ningesimama mbele ya wale watu nimevaa nini?" Cheti alikuwa nacho, na Kiingereza anakijua. Kazi ilipewa mtu mwingine.

Tuliumia sana. Ndiyo maana leo tunajifunza namna mama mwenye pesa kidogo anavyoweza kupata suti inayomkaa vizuri.

Je, ni lazima kuwa na suti?

Hapana. Tukumbuke kwanza kwamba ndani ya kanisa hatupimani kwa mavazi. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anawakemea wanaomkalisha tajiri mahali pazuri na kumwacha maskini amesimama. Lakini mtu wa ofisini hakujui. Ana dakika chache tu, na anaanza kwa kutazama.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nchini Uganda haki ya kufanya kazi. Basi tujue pia desturi za ofisi za huku. Mwaka 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma iliwaandikia watumishi wa serikali kuhusu mavazi: wanawake wasivae sketi zinazopanda juu ya magoti, wala blauzi zisizo na mikono, wala nguo za kuonyesha mwili. Ukifuata hayo, hata katika ofisi isiyo ya serikali hutaonekana umekosea.

Kwa hiyo blauzi safi yenye mikono na sketi ya rangi moja iliyopigwa pasi vinatosha. Usiache kwenda kwa sababu huna koti. Ila koti likipatikana, linasaidia.

1. Anza na futi, si soko

Kabla ya kwenda sokoni, mwombe mwenzako akupime kwa futi ya fundi. Andika kwenye daftari: kifua mahali kilipo kipana, kiuno, nyonga, upana wa mgongo kutoka mfupa wa bega hadi mfupa wa bega, na urefu wa mkono kutoka bega hadi kifundo. Nenda sokoni na futi hiyo, kwa maana mara nyingi hakuna mahali pa kujaribia.

Usitegemee namba ya lebo peke yake. Namba 12 ya Uingereza inakaribiana na 8 ya Marekani na 40 ya Ufaransa, na nguo za nchi zote hizo ziko kwenye rundo moja. Tena kila kiwanda kina vipimo vyake. Futi haidanganyi.

2. Kwenye rundo la mitumba

Kwetu Kivu tulizoea kuita chagua, hapa Uganda wanaita mivumba. Soko kubwa ni Owino mjini Kampala, lakini nauli ya kutoka huku inaweza kumeza bei ya koti. Tazama kwanza siku ya soko hapa kambini, kisha Mbarara.

Koti la kike na la kiume huchanganywa. Tazama vifungo: la kike vimeshonwa upande wa kushoto wa mvaaji, la kiume upande wa kulia. Chagua nyeusi, kijivu au buluu iliyoiva, kwa maana zinakubali sketi nyingi. Kama koti na sketi vimetoka marundo mawili, usijaribu kulinganisha nyeusi na nyeusi, tofauti itaonekana juani. Afadhali koti jeusi na sketi ya kijivu.

Kisha kagua kwapa kama pameungua kwa jasho, bitana kama imechanika, viwiko kama vinang'aa kwa kuchakaa. Inua koti kwenye mwanga utafute matundu ya nondo, hasa kama ni la sufu.

3. Mabega kwanza

Hapa nishuhudie kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kambini nilinunua koti la kijivu kwa sababu lilikuwa rahisi. Mabega yalizidi kwa vidole viwili. Nilidhani fundi atapunguza. Fundi akanieleza kwamba itabidi afungue bitana, atoe mikono yote miwili, akate mabega, kisha arudishe kila kitu, na bei aliyonitajia ilizidi bei ya koti. Nikalivaa vilevile. Kwenye mahojiano nilishinda nikivuta mikono ya koti juu, hata swali la pili sikulisikia vizuri.

Basi jifunzeni kwangu. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Funga kifungo: kitambaa kikijikunja kama herufi X tumboni, koti linabana. Nyoosha mikono mbele kama mtu anayepokea mtoto: mgongo usikaze. Mkono wa koti ufike kwenye kifundo.

Fundi anaweza kwa urahisi: kupunguza kiuno, kufupisha mikono na sketi, kubadili vifungo na zipu. Ni vigumu: kubadili mabega, kurefusha koti, kupanua kifua. Kupanua kidogo kunawezekana tu kama kuna kitambaa kilichobaki ndani ya mshono, basi geuza nguo uangalie.

4. Hesabu yote kabla ya kulipa

Tuseme umeweka shilingi 40,000. Usimalize zote kwenye rundo. Ondoa nauli, ondoa pesa ya fundi, ondoa ya sabuni na mkaa wa pasi. Kilichobaki ndicho bei ya koti. Na pesa hiyo isitoke kwenye chakula wala karo ya watoto. Tangu msaada wa chakula ulipoanza kugawiwa kwa makundi mwaka 2023, nyumba nyingi hazina cha kupunguza tena.

5. Kitenge nacho ni suti

Mama aliye na pisi ya kitenge ya yadi 6 anaweza kushonewa sketi na koti, na mara nyingi kipande kikabaki. Faida yake ni kwamba fundi anakata kwa mwili wako. Chagua maua madogo na rangi iliyotulia, na mwombe aweke bitana ili koti lisimame.

6. Kulitunza

Soma lebo. Koti la sufu lioshwe kwa mkono katika maji baridi, bila kukamuliwa kwa kusokota, likaushwe kivulini. Pasi ya mkaa isiguse koti: tandika kitambaa cha pamba chenye unyevu juu yake, na pangusa majivu kwanza. Jaribu ndani ya pindo kabla ya mbele. Kama koti ni jipya, kata ule uzi wenye umbo la X kwenye mpasuo wa nyuma. Uliwekwa kiwandani ili lisikunjike, si pambo.

Tulilokubaliana

Akina mama wa kwaya tumeanza kuweka akiba kidogo kila juma. Tumenunua makoti mawili meusi, moja dogo na moja kubwa, na mama mmoja anayatunza. Dada akiitwa kwenye mahojiano, anakuja kuazima, analivaa, analirudisha safi. Yule mwalimu wetu ndiye wa kwanza aliyelijaribu. Lilimkaa mabegani. Sasa anasubiri kuitwa tena, na safari hii amesema atakwenda.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, kuna nafasi uliyoiacha kwa kuona haya ya mavazi?
2. Ni nguo gani uliyo nayo tayari ambayo fundi anaweza kuirekebisha?
3. Katika kundi letu la maombi, nani ana vipimo kama vyako ili muazimane?

Mbarikiwe.