Bushi Zilizochakaa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuzibadilisha Nyumbani

Bushi ni kipande cha mpira kilichogandishwa kati ya ganda la nje na bomba dogo la ndani, vyote viwili vya chuma. Kazi yake ni kuunganisha bodi ya gari na mikono inayoshika magurudumu, huku ikipunguza mitikisiko ya barabara. Mpira huo huzeeka: hupasuka, hulegea, au huachana na chuma. Hapo magurudumu hayakai tena katika mstari wake, matairi hulika upande mmoja, na gari huweza kuyumba dereva anapofunga breki. Kwa hiyo bushi zinahusu usalama wa abiria na mfuko wa mwenye gari, wala si starehe tu.

Somo hili linamhusu mtumiaji mwenye gari dogo ambalo kila gurudumu la mbele lina shokapu iliyovikwa springi, pamoja na mkono mmoja wa chini. Kwa kawaida mkono huo una bushi mbili na boljointi moja. Gari ambalo springi yake imekalia mkono wenyewe lipelekwe kwa fundi, kwa kuwa springi iliyobanwa ikifyatuka yaweza kuua.

Thibitisha tatizo kabla ya kununua

Mlio wa kugonga kwenye mashimo hautoki kwenye bushi peke yake. Boljointi iliyolegea au shokapu iliyokwisha huweza kutoa mlio unaofanana na huo. Angalia mpira kwa tochi: tafuta nyufa zilizoingia ndani, mpira ulioachana na chuma, au bomba la katikati lililohama mahali pake. Nyufa ndogo za juu peke yake hazitoshi kuwa sababu ya kubadilisha.

Ununuzi

Mpe muuzaji namba ya chesisi, si jina la gari pekee, kwa sababu magari ya jina moja hutofautiana kwa toleo na mwaka. Linganisha bushi mpya na ya zamani kwa kipenyo, urefu, na umbo la matundu ya mpira. Uliza pia bei ya mkono mzima wenye bushi na boljointi mpya. Ukijumlisha gharama ya kuzishindilia bushi, tofauti yaweza kuwa ndogo. Mkono wa mtumba huja na mpira uliokwisha zeeka. Vipande vilivyochongwa kutoka tairi kuukuu visikubaliwe, kwa kuwa havikugandishwa kwenye chuma na havina kipimo. Dai risiti ya EFD iliyotaja kifaa, na utunze kasha lake.

Hatua za kazi

1. Egesha gari mahali tambarare na pagumu. Vuta hendibreki, kisha weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma. Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini.

2. Inua gari kwa jeki mahali palipoelekezwa katika kitabu cha gari, kisha likalishe juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Matofali na mawe hupasuka bila kutoa onyo. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee.

3. Fungua boljointi, kisha bolti zinazoshika mkono. Usiiguse kamwe nati ya katikati iliyo juu ya shokapu, maana ndiyo inayozuia springi. Lifunge gurudumu kwa kamba ili uzito wake usining'inie kwenye mpaipu wa breki.

4. Weka alama ya rangi kuonyesha namna bushi ya zamani ilivyoelekea. Matundu ya mpira yana upande wake. Yakigeuzwa, mkono hucheza kinyume na ulivyokusudiwa.

5. Peleka mkono kwenye gereji yenye mashine ya presi. Usikubali bushi ichomwe kwa moto: moshi wa mpira ni sumu, na joto huweza kudhoofisha mkono. Nyundo nayo hupinda ganda la bushi. Kwa kulainisha, tumia maji ya sabuni. Grisi na oili ya kawaida huharibu mpira.

6. Rudisha mkono na kaza bolti kidogo tu. Bodi ikiwa ingali juu ya stendi, inua mkono kwa jeki hadi ufikie kimo chake gari linapokuwa chini. Hapo ndipo ukaze kabisa, kwa kipimo cha mtengenezaji.

Hatua ya sita ndiyo inayopuuzwa zaidi. Bolti ikikazwa mkono ukiwa unaning'inia, mpira hufungwa katika hali hiyo. Gari likishushwa, mpira hubaki umesokotwa muda wote, nao hupasuka mapema. Mtumiaji hudhani ameuziwa kifaa bandia, kumbe kosa lilikuwa katika ufungaji.

Baada ya kazi

Badilisha bushi za pande zote mbili kwa wakati mmoja, kisha pima alaimenti kabla ya safari ndefu. Baada ya siku chache za kuendesha, kagua tena ukazo wa bolti.

Bushi ikiharibika mapema, usiitupe. Irudishe kwa muuzaji pamoja na risiti na kasha, ukieleza ilivyofungwa na nani aliyeifunga. Muuzaji akikataa kukusikiliza, tuletee malalamiko yako kwa maandishi pamoja na vitu hivyo vitatu. Bila risiti ni vigumu kwetu kuthibitisha kifaa kilinunuliwa wapi. Bila kifaa chenyewe ni vigumu kutenganisha ubovu wa bidhaa na ubovu wa ufungaji.