Michezo ya Maroboti na Kifafa Kinachochochewa na Mwanga

Mwaka 1995 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa kumbi za burudani uitwao Cyberbots: Full Metal Madness. Mchezaji huchagua rubani, kisha roboti kubwa mithili ya jengo ambalo rubani huyo ataliendesha. Maroboti mawili hukabiliana kwa ngumi, makombora na miali ya silaha hadi moja lianguke. Mwaka 2022 mchezo huo ulitolewa upya ndani ya mkusanyiko wa michezo ya zamani ya kampuni hiyo, na leo huchezwa na watoto ambao hawajapata kuiona mashine yake ya awali.

Jambo linalomhusu tabibu katika michezo ya aina hii ni mwanga. Mashine za kumbi zilitengenezwa zimvute mpita njia kutoka mbali, palipo kelele na ushindani wa mashine nyingine. Kwa hiyo katika michezo mingi ya zama hizo pigo zito lilisindikizwa na mmweko, na aliyeshindwa hakuanguka kimyakimya, alilipuka. Kwa watu walio wengi hayo ni mapambo tu. Kwa wachache, mimweko hiyo yaweza kuamsha kifafa.

Katika kila watu 100 wenye kifafa, takriban 3 huathiriwa na mwanga unaomweka au michoro ya mistari inayopishana. Hali hii huonekana zaidi kwa watoto na vijana, na mara nyingi hudhihirika kati ya umri wa miaka 7 na 19. Sehemu ya nyuma ya ubongo, inayopokea picha kutoka machoni, hupigwa na mwanga kwa mpigo mmoja unaojirudia. Chembe nyingi za neva hujikuta zikitoa umeme kwa pamoja, na umeme huo husambaa. Mimweko kati ya 3 na 30 kwa sekunde yaweza kuleta tatizo, na iliyo hatari zaidi kwa kawaida ni ya kati ya 15 na 25. Rangi nyekundu iliyokolea huongeza hatari. Vivyo hivyo kukaa karibu na skrini, kwa kuwa picha inayojaza eneo kubwa la macho huamsha sehemu kubwa zaidi ya ubongo.

Tukio lililoufunza ulimwengu somo hili lilitokea Japani tarehe 16 Desemba 1997. Kipindi kimoja cha katuni za Pokémon kilionyesha mlipuko wa rangi nyekundu na bluu zilizopishana mara 12 hivi kwa sekunde, kwa sekunde chache tu. Jioni hiyo watoto 685 walipelekwa hospitalini. Si wote walipata degedege. Wengine walikuwa na kichefuchefu, kizunguzungu au kuumwa kichwa. Wengi kati ya waliopata degedege hawakuwa wamewahi kuambiwa kuwa wana kifafa. Mwanga haukuwapandikizia ugonjwa: ulifichua wepesi uliokuwamo tayari ndani ya ubongo. Mzazi anayesema kwamba gemu limemharibu mtoto wake anastahili kuelezwa tofauti hiyo kwa upole, maana akiamini kuwa kosa lote ni la mchezo, atauficha mchezo na kuacha dawa.

Aina ya skrini nayo ina uzito wake. Televisheni za zamani zenye kioo kizito, zilizotumika Afrika Mashariki na hata katika mabanda ya gemu, zilichora picha mara 50 kwa sekunde, nusu ya mistari kwa kila mzunguko. Aliyekaa karibu kiasi cha kuiona mistari yenyewe alipata mpishano wa mara 25 kwa sekunde, yaani ndani ya eneo la hatari. Skrini bapa za kisasa hazina kasoro hiyo. Hata hivyo mimweko iliyomo ndani ya mchezo wenyewe hubaki vilevile, kioo kiwe kipya au cha zamani.

Mhudumu wa afya anayempokea kijana aliyeanguka akicheza asitosheke na neno "gemu". Aulize kilichokuwa kwenye skrini wakati huo, umbali wa skrini, kama taa ya chumba ilikuwa imewashwa, na hasa kijana alilala saa ngapi usiku uliotangulia. Wengine huanguka kwa sababu wamekesha, wala mwanga hauhusiki. Aulize pia kuhusu asubuhi: je, mikono hushtuka ghafla baada ya kuamka, akaangusha kikombe au mswaki? Dalili hiyo, ambayo familia huiita uzembe, yaweza kuwa ya aina ya kifafa cha vijana inayoambatana mara nyingi na usikivu wa mwanga. Hapa uchaguzi wa dawa una hatari yake. Carbamazepine, dawa ya kawaida katika vituo vingi, yaweza kuizidisha mishtuko hiyo. Sodium valproate hufanya kazi vizuri, lakini humdhuru mtoto aliye tumboni. Msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba asianzishiwe bila ushauri wa mtaalamu. Kipimo cha umeme wa ubongo chenye taa ya kumweka huthibitisha usikivu huo pale kinapopatikana.

Mgonjwa naye ana kinga rahisi mkononi mwake. Mimweko ikimshtukiza, afunike jicho moja lote kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, kwani mwanga hupenya kwenye kope na kugeuka mwekundu. Degedege likitokea, walio karibu wamlaze ubavu, waondoe vitu vya kumuumiza, wasimtie kijiko wala kidole mdomoni, na wampeleke hospitalini haraka likizidi dakika 5 au likirudia kabla hajapata fahamu.

Swali ambalo kijana huuliza mwishoni ni kama ataruhusiwa kucheza tena. Mwenye kifafa ambaye kipimo hakikuonyesha usikivu wa mwanga hana sababu ya kukatazwa, ilimradi halali usiku wa manane kwa ajili yake. Aliyethibitika kuwa nao aachane na michezo yenye milipuko na mimweko mingi, maroboti haya yakiwemo, angalau hadi dawa zitulie na daktari wake aridhike. Michezo mingine aicheze taa ikiwa imewashwa, akae mbali kadiri chumba kinavyoruhusu, apunguze mng'ao wa skrini, apumzike kila baada ya muda, na asicheze peke yake.